Kiongozi wa Jamii, "Virusi Havionekani" Si "Amepona"

Mwezi uliopita tuliletewa kliniki mama mmoja kwa bodaboda, mdogo wake kamshikilia kwa nyuma asidondoke. Mkobani alikuwa na kopo la vidonge 90 vya ARV, dawa za VVU (virusi vya UKIMWI), lakiri ya mdomoni haijabanduliwa. Aliacha dawa baada ya kutoa ushuhuda mbele ya waumini kwamba amepona. Ndugu zangu wenyeviti wa mitaa, wachungaji, mashehe na viongozi wa vikundi vya WAVIU (watu wanaoishi na VVU), nawaandikia kwa kuwa watu huwasikiliza ninyi kabla yetu.

ARV zinafanya nini?
Zinazuia VVU kuzaliana mwilini, kinga ipate nafasi ya kujijenga. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na hakilipiwi.

Majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yanasema havionekani. Si ndiyo kupona?
Hapana. Kipimo kinasoma damu tu. Virusi vingine vimejificha ndani ya seli, kwenye tezi na utumbo, vimetulia. Dawa ikikatika, kwa kawaida ndani ya wiki chache vinaanza tena kuzaliana. Havionekani kwa sababu anameza. Akiacha, vitarudi. Lililo kweli ni hili: anayemeza kila siku na virusi vikabaki havionekani, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hilo litangazeni kwa sauti kubwa.

Je, akipimwa upya akaonekana hana?
Bado hajapona. Kile kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, yaani alama za mwili kupambana na virusi, si virusi vyenyewe, na kwa mtu aliye kwenye dawa kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Tafadhali, acheni kuwapeleka watu kupima ili kuthibitisha muujiza. Hapana, hajapona.

Kwa hiyo mnatukataza kuwaombea?
Hakuna anayewakataza. Mwombeeni, na dawa ameze siku hiyohiyo. Mwaka 2011 maelfu walipanda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na miongoni mwao wapo walioweka ARV kando. Tunaoshinda CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, tunaona jambo lilelile hadi leo, mahali pamebadilika tu. Kiongozi hana haja ya kutamka "acha dawa". Akimpigia makofi aliyeacha, waliokaa nyuma wameshaelewa.

Tukimjua mtoro wa dawa, tumtaje kwenye mkutano ili ajirekebishe?
Hapana! Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na ukimtaja mmoja, kumi wengine wataogopa kuja kliniki. Nenda kwake jioni, peke yako, kaa naye. Umuulize kinachomkwamisha: nauli, mume asiyejua, au kazi isiyompa ruhusa. Hayo tunaweza kuyasaidia. Asiye na nauli anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa.

Ameacha miezi minne na anaona aibu. Tusubiri siku yake ya kliniki?
Msisubiri. Mleteni leo, hata kama kadi imepotea, hata kama hana barua ya mtaa. Na kama kichwa kinamuuma siku kadhaa mfululizo, anaona ukungu, anakohoa, anahema kwa shida au hawezi kutembea bila kushikwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku. Yule mama kichwa kilimuuma wiki tatu. Wiki zote hizo watu walikuwa wakimwambia avumilie, ni majaribu.