Masalia ya mavuno si mbegu

"Wakubwa nimeuza, wadogo nimewarudisha bwawani wawe mbegu." Wafugaji wa sato huku Dodoma husema hivi kwa fahari, kisha msimu wa tatu wanalalamika kwamba chakula ni feki.

Ukweli ni kwamba wanafuga udumavu wenyewe. Kwa sato waliolelewa pamoja, mara nyingi asilimia 20 hadi 40 ya tofauti ya uzito hutokana na urithi; inayobaki ni chakula, msongamano na maji. Mradi wa kuboresha sato uitwao GIFT, ulioanza Ufilipino mwaka 1988 kwa kuchanganya sato wa Misri, Ghana, Kenya na Senegal na wale wa mabwawa ya Asia, ulipandisha ukuaji kwa takriban asilimia 10 hadi 15 kila kizazi kwa kuchagua wazazi tu. Wewe ukibakiza wa mwisho, unachagua hivyohivyo, ila kinyumenyume. Tena jike wa bwawani anaweza kutaga akiwa na gramu 30 hadi 50 tu, kwa hiyo hao wadogo watajaza bwawa kabla hujajua.

Wengine wakiambiwa hivyo wanakimbilia kubakiza wakubwa kuliko wote. Nako wanakosea: dume hukua haraka kuliko jike, hivyo utabaki na madume matupu. Chagua kila jinsia peke yake, kwenye kundi la umri mmoja, maana aliyeanguliwa wiki mbili mapema atakuwa mkubwa hata kama damu yake ni ya kawaida. Mgeuze samaki tumbo juu, umpake wino kidogo kwenye matundu yaliyo mwisho wa tumbo: dume ana matundu mawili, jike matatu. Pima kwa mizani, jicho linadanganya. Weka dume mmoja kwa majike watatu, na wasipungue madume 17 na majike 51, vinginevyo ndugu watazaliana. Kama bwawa halibebi idadi hiyo, acha kabisa kuzalisha. Nunua vifaranga kila msimu. Ni nafuu kuliko kulisha vibete.

Utasikia na mengine: "Vifaranga wa dume tupu ni mbegu iliyoboreshwa." Hapana. Wengi ni vifaranga wa kawaida waliolishwa homoni ya kuwageuza madume wiki tatu hadi nne za mwanzo. Faida yake ni kwamba hawazaliani bwawani. Muulize muuzaji wazazi walichaguliwaje. Akijibu habari za homoni, hajakujibu.

"Ladha ya tope ni ya aina ya samaki." Inatokana na kemikali za vijidudu vya kwenye maji ya kijani na matope, na hukaa kwenye mafuta ya samaki. Mweke kwenye maji safi yanayobadilishwa siku tatu hadi tano bila kumlisha, ndipo umuuze.

"Nilete trauti, anakua haraka." Trauti ni samaki wa maji baridi, anataka nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Bwawa lako mwezi Novemba lina ngapi?