Ujumbe upi unatangulia ndani ya chipu ya CAN?

Kwenye waya wa CAN (mtandao unaounganisha vifaa vya kielektroniki, mfano ndani ya gari) kanuni ni moja: ujumbe wenye ID (namba ya utambulisho) ndogo ndio unaopita. Nodi mbili, yaani vifaa viwili kwenye waya, zikianza kutuma pamoja, moja 0x100 na nyingine 0x0F0, biti mbili za kwanza zote ni 0 na hakuna anayegundua kitu. Biti ya tatu, ya kwanza inaweka 1 na ya pili 0. Kwenye waya 0 huishinda 1, kwa hiyo unasomeka 0, na aliyeweka 1 ananyamaza papo hapo na kusubiri zamu nyingine. Fremu (kifurushi cha ujumbe) ya mshindi haikuguswa.

Wengi huishia hapo, lakini kuna shindano jingine linalotangulia hilo, ndani ya mikrokontrola yenyewe, na si lazima lifuate ID. Hitilafu nyingi zisizoeleweka hutoka huko.

Chukua mikrokontrola ya STM32F103 au F407. Ina visanduku vitatu vya kutuma (mailbox), kila kimoja kikishika fremu moja inayosubiri kutoka, na biti ya TXFP kwenye rejista CAN_MCR ndiyo inayoamua. Ikiwa 0, ID ndogo inatangulia. ID zikilingana, kisanduku chenye namba ndogo kinatangulia. Ikiwa 1, anayewahi ndiye anayetoka.

Hapo kwenye ID kulingana ndipo pabaya. Tuseme unatuma data ndefu kwa ISO-TP, itifaki inayoigawa katika fremu nyingi zenye namba za mfuatano; fremu zote zina ID 0x7E0. Fremu ya 1, 2 na 3 zimekaa kwenye visanduku 0, 1 na 2. Ya 1 inatoka, ya 2 inaanza kutoka, na programu yako inajaza kisanduku 0 kwa fremu ya 4. Ya 2 ikimalizika wamebaki kisanduku 0 na 2, ID sawa: fremu ya 4 inatoka kabla ya 3. Mpokeaji anaona namba ya mfuatano imeruka na anakatisha upokeaji wote. Ukituma fremu moja moja mezani hutaliona kamwe.

Dawa inayotajwa haraka ni TransmitFifoPriority = ENABLE, yaani kuweka TXFP iwe 1. Inarudisha mpangilio, ila sasa ujumbe wa dharura wa 0x010 unakaa nyuma ya fremu tatu za 0x600. Kwa 500 kbit/s fremu ya baiti 8 yenye ID ya biti 11 haizidi biti 135, yaani mikrosekunde 270, kwa hiyo tatu ni kama 810. Hiyo ni kama waya uko wazi. Nodi nyingine zikishikilia waya kwa 0x200, zile 0x600 zinashindwa kila mara, na 0x010 inangoja pamoja nazo bila kikomo. TXFP ikiwa 0 pia yanakukuta, iwapo visanduku vyote vitatu vimejaa na wa dharura bado uko kwenye foleni ya programu.

Ninachopendekeza: acha TXFP iwe 0, kila ID iwe na fremu moja tu kisandukuni kwa wakati mmoja, na ujumbe wa kawaida uingie pale tu HAL_CAN_GetTxMailboxesFreeLevel (inayohesabu visanduku vilivyo wazi) inaporudisha 2 au zaidi. Kisanduku cha mwisho ni cha dharura. Ukiamua kufuta ujumbe kisandukuni kwa ABRQ (biti ya kuomba kufuta) badala yake, soma TXOK (biti inayoonyesha fremu imetoka salama) kabla ya kurudisha ujumbe foleni, kwa sababu fremu iliyokwisha kuanza inaweza kufika salama, nawe ukaituma mara mbili.

MCP2515, chipu ya CAN inayokaa nje ya mikrokontrola, ina mtego wake. Ndani yake ID haiangaliwi kabisa; kinachoangaliwa ni biti mbili za kipaumbele, TXP, kwenye rejista TXBnCTRL ya kila kisanduku (TXB0 hadi TXB2), 3 ikiwa juu kabisa. Zikilingana, TXB2 inatangulia TXB0. Ukiacha zote 0 na kujaza kuanzia TXB0, ya kwanza ikishaanza kutoka, ya tatu inaipita ya pili. Weka TXP 3, 2, 1 kwa utaratibu wa kujaza, kisha subiri zote tatu ziishe kabla ya kujaza upya.

Kupima ni rahisi: weka kihesabu kwenye baiti ya kwanza ya fremu za ID moja, nodi ya pili itume 0x001 kwa wingi huku ikiacha mapengo mafupi, na ya tatu irekodi. Kihesabu kikirudi nyuma hata mara moja (ukiacha kule kuzunguka kutoka 255 hadi 0), mpangilio wa visanduku bado una kasoro.