Manowari Kubwa Hustahimilije Mabomu Mazito ya Ndege?

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu manowari ni hili: chuma chake kina unene gani? Ni swali la haki, lakini halifiki mbali. Sisi wahandisi wa meli huanzia kwingine. Bomu likishalipuka, meli itaendelea kuelea? Na waliomo ndani watabaki na pampu, umeme na mwanga wa kufanyia kazi? Zipo manowari zilizopigwa mabomu zaidi ya kumi zikaendelea kuelea, na zipo zilizoangamia kwa bomu moja tu.

Tuanze na chuma chenyewe. Meli haiwezi kuvikwa deraya, yaani mabamba ya chuma cha kinga, nene kila mahali, kwa maana uzito wake ungeishinda. Kwa hiyo wasanifu wa enzi ya Vita vya Pili vya Dunia walilundika chuma juu ya viungo vya uhai: maghala ya baruti, boila, injini na vyumba vya kuongozea. Yamato ya Japani ilikuwa na deraya ya milimita 410 ubavuni na takriban milimita 200 kwenye sitaha yake ya kinga. Tirpitz ya Ujerumani ilikuwa na sitaha mbili za deraya. Ya juu, milimita 50, kazi yake ilikuwa kuamsha fyuzi ya bomu, yaani kifaa kinacholilipua, kabla halijaingia ndani. Ya chini, milimita 80 hadi 100, ilipokea nguvu iliyosalia. Omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma ya meli, ziliachwa na kinga hafifu.

Mpango huo ulifanya kazi vizuri dhidi ya mabomu ya kawaida. Tarehe 3 Aprili 1944 ndege za Uingereza zilizoruka kutoka meli za kubeba ndege ziliipiga Tirpitz kwa mabomu zaidi ya kumi. Watu wapatao 120 walikufa na sehemu za juu zikaharibiwa vibaya, lakini sitaha ya chini haikutobolewa. Baadhi ya marubani waliangusha mabomu wakiwa chini mno, na bomu lisilopata umbali wa kutosha wa kuanguka halipati kasi ya kupenya.

Kupenya ni suala la uzito, kasi na ganda. Bomu la kawaida lina ganda jembamba na vilipuzi vingi, hivyo hupasukia juu ya sitaha. Bomu la kupenya lina ganda nene la chuma kigumu, vilipuzi vichache, na fyuzi inayochelewa sehemu ndogo ya sekunde ili lilipuke likiwa tayari limo ndani. Bomu la Kijapani lililoiua Arizona, manowari ya Marekani, katika bandari ya Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, lilitengenezwa kutokana na risasi ya mzinga wa manowari. Lilikuwa na uzito wa takriban kilo 800, na vilipuzi vilivyokuwamo havikuzidi kilo 30. Kiasi hicho peke yake hakiwezi kuivunja meli ya ukubwa ule. Moto wake ulifika kwenye maghala ya baruti ya mbele, na baruti ya meli yenyewe ndiyo iliyoipasua. Watu 1,177 walipoteza maisha. Ndiyo maana tunasema mahali bomu linapolipukia pana uzito kuliko ukubwa wa bomu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui: bomu lililokosa shabaha kwa mita chache linaweza kuwa baya kuliko lililopiga sitaha. Hewa hubanwa, maji hayabanwi kwa urahisi. Mlipuko ndani ya maji hutuma wimbi la mshtuko linalogonga ubavu wa chini, mahali ambapo deraya ni nyembamba au haipo kabisa. Mishono ya mabamba hufunguka, mabomba hukatika, mashine nzito huchomoka kwenye misingi yake. Kisha gesi ya mlipuko hutengeneza povu kubwa linalotanuka na kusinyaa. Povu hilo likiwa chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, huiinua meli katikati kisha huiacha bila tegemeo, na uti wake unaweza kupinda au kuvunjika. Majaribio ya Marekani ya Julai 1921 dhidi ya Ostfriesland, manowari iliyotwaliwa kutoka Ujerumani, yalionyesha hivyo: mabomu ya takriban kilo 900 yaliyoangukia majini karibu na ubavu yalichangia sana kuizamisha. Wakosoaji walisema meli ile ilikuwa imetia nanga, haina mabaharia wala wa kuendesha pampu, na walikuwa na hoja. Ila haikuwa na baruti ndani pia, jambo lililoipunguzia hatari.

Tarehe 12 Novemba 1944, karibu na Tromsø nchini Norwei, Tirpitz ilikutana na bomu la daraja jingine. Tallboy, bomu la Uingereza, lilikuwa na uzito wa takriban kilo 5,400, karibu nusu yake vilipuzi. Likiangushwa kutoka juu sana, lilishuka kwa kasi inayokaribia au kupita ile ya sauti. Hakuna sitaha iliyosanifiwa kulizuia. Angalau mawili yalipiga, mengine yakaanguka jirani. Ubavu wa kushoto ulipasuka, maji yakaingia upande mmoja kwa wingi kuliko ilivyowezekana kuyasawazisha, ghala la baruti likalipuka, na meli ikapinduka. Wajerumani walikuwa wameanza kujaza kifusi chini yake ili isiweze kupinduka, lakini kazi haikuwa imekamilika. Wengi walinaswa ndani. Wachache waliokolewa kwa kukatwa tundu kwenye chuma cha chini.

Upande mmoja ndio hasa unaoua. Meli inayojaa maji sawasawa hushuka polepole, na watu hupata nafasi. Inayojaa upande mmoja hulala. Kwa hiyo mabaharia huruhusu maji kwa makusudi upande wa pili ili isimame wima, huku wenzao wakiegemeza magogo kwenye kuta zinazobonyea na kufunga milango isiyopitisha maji. Ni kazi ngumu ya gizani, ndani ya moshi, nayo imeokoa meli ambazo kwa hesabu ya chuma pekee zingepotea. Warspite ya Uingereza ilipigwa karibu na Salerno, Septemba 1943, kwa bomu la Kijerumani liongozwalo kwa redio, lenye kilo zipatazo 1,400. Lilipita sitaha zote hadi chini kwenye boila. Meli ilivutwa hadi Malta, na Juni mwaka uliofuata mizinga yake ilikuwa ikifyatua pwani ya Normandy. Siku saba kabla ya pigo hilo, Roma ya Italia ilipigwa na mabomu mawili ya aina hiyohiyo. La pili lilifika penye ghala la baruti, ikazama na watu zaidi ya elfu moja.

Manowari za leo hazina deraya nene ya namna ile, kwa sababu silaha zimeishinda. Kinga yao ni rada, makombora ya kujihami na kuzuia adui asiwaone. Ukubwa na mgawanyo wa vyumba bado vina faida: Marekani ilipoifanyia majaribio ya milipuko meli yake ya kubeba ndege, America, mwaka 2005, ilielea kwa wiki kadhaa hadi ilipozamishwa kwa makusudi. Lakini kuelea si kupigana. Pigo moja kwenye mlingoti linaweza kuharibu antena na kuiacha meli kipofu. Ndiyo sababu wasanifu hutenganisha jenereta, huzisambaza pampu za moto sehemu mbalimbali, na hupitisha nyaya muhimu pande zote mbili za meli, ili pigo moja lisikate vyote kwa mpigo.