Sensa (kihisi) ya sumu ya bakteria: kabla ya kusifia nanochembe, angalia nini kimeganda kwenye elektrodi

Watu wengi wanajua chakula chenye bakteria ukikichemsha basi yameisha. Kwa Staphylococcus aureus haiko hivyo, manake moto unaua bakteria wenyewe ila sumu waliyokwisha kuitoa inabaki, enterotoksini zao zinavumilia hata nyuzi 100, kwa hiyo unaweza kuotesha sampuli maabara usione hata bakteria mmoja hai na bado aliyekula anatapika vibaya. Ndo maana sisi tunaotengeneza sensa tunaitafuta sumu yenyewe.

Sensa zetu ni vipande vya plastiki vilivyochapwa elektrodi ya kaboni, yaani sehemu ya kupitishia umeme, kama stripu za kupima sukari. Juu yake tunaweka nanochembe za dhahabu, yaani chembe ndogo mno, wengine wanapenda grafini, utando mwembamba sana wa kaboni. Zinaongeza eneo la kufanyia kazi na elektroni zinapita kirahisi, afu dhahabu inashikana sana na salfa, yaani molekuli yenye salfa kwenye ncha inajipanga yenyewe pale juu na hapo ndo tunafunga kingamwili, protini ya kunasa sumu. Sumu ikinaswa inaziba njia, ferisianidi, kemikali ya kupokezana elektroni tuliyoweka kwenye maji, haifiki vizuri kwenye elektrodi, mkondo wa umeme unashuka, na kadiri unavyoshuka ndo unajua sumu ni kiasi gani.

Kwenye bafa safi, yaani maji ya chumvi ya maabara yasiyo na chakula, kila kitu kinapendeza, grafu imenyooka, unasoma mpaka pikogramu, sehemu ya trilioni ya gramu. Sasa weka maziwa! Kaseini, protini ya maziwa, na mafuta vinaganda palepale, mkondo unashuka vilevile, na sensa haina namna ya kujua kilichoziba ni sumu au ni maziwa tu. Tunajaza nafasi zilizobaki wazi kwa albumini, protini ya damu ya ng'ombe, inasaidia kiasi, lakini mimi siamini jibu lolote kama hakuna elektrodi ya pili pembeni, imetengenezwa vilevile ila kingamwili yake haihusiani na sumu ile, ikiloweshwa na sampuli ileile. Mshuko wa hiyo ya pili ni uchafu, unautoa kwenye mshuko wa ile ya kwanza. Wapo wanaoona ni kupoteza elektrodi bure, kwangu mimi ina maana kuliko kuongeza nanochembe ya aina mpya kila mwezi.

Botulini, sumu ya bakteria wengine, ni habari nyingine. Kingamwili inatambua umbo, inaweza kushika hata sumu iliyokwisha makali. Ila botulini aina A ni kimeng'enya, kazi yake ni kukata protini ya neva inayoitwa SNAP-25, kwa hiyo unaweza kufunga kipande cha protini hiyo kwenye dhahabu na mwishoni ukabandika methilini bluu, rangi ambayo ndo inatoa mkondo. Sumu kali inakata, methilini bluu inaondoka, mkondo unashuka. Sampuli iliyopashwa vizuri nyuzi 85 kwa dakika 5 haikati kitu, na ndo tunachotaka kujua, manake hii sumu kwa joto inaharibika. Ubaya wake kukata kunataka muda, huwezi kudondosha sampuli ukasoma papo hapo.