Waini nyekundu na friji, acheni uoga

Hapa Mwanza utasikia mtu anakwambia kwa kujiamini kabisa eti waini nyekundu haiwekwi friji, inanywewa kwa joto la chumbani. Chumba kipi sasa? Kauli hiyo ilitoka Ulaya, enzi nyumba zao zina baridi, nyuzi 16 mpaka 18 hivi, wewe chumba chako cha Nyakato mchana kinagonga 28, ukiinywa hivyo pombe inakupanda puani na ladha ya zabibu huisikii kabisa. Iweke friji nusu saa tu, hata hizi zetu za Dodoma utaona zinavyochangamka. Ila usiisahau humo, ikipoa sana ukakasi unazidi. Na sato wa kuchoma je? Inaenda vizuri tu, mi napendekeza ila chukua nyepesi, ile nzito waachie wenye nyama choma.