TENS si mashine ya kuchezesha misuli

TENS ni kupitisha mapigo madogo ya umeme juu ya ngozi, kwa pedi za kunata, ili kusisimua neva za hisia na kupunguza maumivu. Basi. Kwa TENS ya kawaida, hakuna msuli unaotakiwa kuruka.

Hilo la msuli ndilo linalovurugwa kila siku. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo anaambiwa atawekewa "mashine ya kuchezesha misuli" ili apate nafuu. Hayo ni mambo mawili. Kuchezesha msuli, mathalani paja lililosinyaa baada ya upasuaji wa goti, hulenga neva zinazoamuru msuli ujikunje: kwa kawaida pigo la maikrosekunde 200 hadi 400, mara 35 hadi 50 kwa sekunde, likiwaka na kuzima ili msuli upumzike. TENS ya kawaida hulenga nyuzi nene za mguso: pigo la maikrosekunde 50 hadi 200, mara 80 hadi 100 kwa sekunde, mfululizo. Tatizo ni kwamba kisanduku kimoja mara nyingi kina programu zote mbili, na anayebonyeza bila kusoma kioo huwasha isiyotakiwa. Misuli ya tumbo ikijikunja inauvuta mshono mbichi, na maumivu yanazidi.

Wala TENS si ganzi. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za mguso zikifika kwa wingi, zinabana njia ya maumivu. Ndiyo maana mtu akijigonga kiwiko hukisugua. Ngozi inabaki na hisia zake, na dawa za maumivu hazisimamishwi, ila huenda zikahitajika kwa kiasi pungufu.

Pedi 2 au 4 huwekwa sambamba na mshono, sentimita 2 hadi 3 kutoka ukingoni, nje ya bandeji, kwenye ngozi isiyo na jeraha, kavu, isiyo na mafuta. Umeme huongezwa taratibu hadi mgonjwa aseme ni mkali ila hauumi. Wengi huishia kwenye mtekenyo, kisha wanailaumu mashine. Baada ya dakika chache hisia hufifia, kwa hiyo huongezwa tena kidogo. Pedi ikichoma upande mmoja, imekauka au imebanduka: umeme wote unapita pale padogo palipogusa. Wakati mzuri wa kuiwasha ni kabla ya kukohoa, kugeuka kitandani au kuanza kutembea.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe bila idhini ya daktari wake wa moyo, na pedi hazikai mbele ya shingo.

Kwa hiyo mgonjwa akiuliza ni mashine gani, tumwambie ni ya kutuliza maumivu. Na akiona tumbo linaruka, aseme, ili umeme upunguzwe au pedi zisogezwe.