Dodoma sio jangwa, na mengine wanayokudanganya ukipata uhamisho

Barua yangu ya uhamisho wa kikazi kuja Dodoma ilitoka 2019 nikiwa nakaa Tabata, Dar, na ndani ya wiki moja kila mtu akawa anaijua Dodoma, hata ambao hawajawahi kulala huku usiku mmoja. Mengi niliyoambiwa hayakuwa kweli na mengine yalinigharimu hela, ndo maana nakuandikia wewe ambaye barua yako imetoka juzi na unaanza kufunga mizigo.

La kwanza, "Dodoma jangwa, joto mwaka mzima". Hapana jamani. Ukame upo, mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, ikikata imekata, miezi iliyobaki ni vumbi na majani makavu. Ila mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwahiyo Juni na Julai usiku kuna baridi na upepo ambao mtu wa Dar hajauzoea kabisa. Mi nilifika Juni na shuka mbili na feni. Feni ikabaki kwenye boksi, kesho yake nikaenda soko la Majengo kutafuta blanketi. Beba sweta, beba na mafuta ya mgando maana hewa ni kavu midomo inapasuka. Na hilo wanaloita jangwa ndo linatoa zabibu, tena zinavunwa mara mbili kwa mwaka.

"Panga mjini uwe karibu na kila kitu." Hili liliniumiza. Dalali alinipeleka Nkuhungu, nyumba nzuri, nikalipa kodi ya miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali, Jumatatu naripoti ndo nagundua ofisi yetu imeshahamia Mtumba kwenye Mji wa Serikali, ambako ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, barabara ya kwenda Dar, na Nkuhungu iko upande mwingine kabisa. Miezi sita nikawa naamka saa 10 alfajiri. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi uliza ofisi yako iko wapi hasa, na kama ni Mtumba anza kuangalia Ihumwa, Nzuguni, Kisasa au Ilazo. Kaa gesti wiki moja kwanza, asubuhi panda daladala kama vile unaenda kazini, uone mwenyewe. Halafu mambo ya maji usimuulize dalali, muulize mpangaji wa jirani, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, simtanki lita ngapi, luku, yaani mita ya umeme, ni ya kwako peke yako au mnachangia. Maji mengi huku ni ya visima na yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, watu wengi wananunua ya kunywa.

Sasa hili ndo naliogopa kuliko yote: "treni ya SGR ipo, familia ibaki Dar utakuwa unaenda kila wikiendi". Treni hiyo ya umeme kwenye reli mpya ni nzuri kweli, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku nzima siku hizi ni kama masaa matatu na nusu hadi manne. Lakini piga hesabu, ilipoanza 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000, mara nne kwa mwezi ni 248,000, na hapo hujaweka bodaboda za kwenda stesheni. Kwa hela hiyo unaongezea kwenye kodi mkaishi wote. Na hela sio shida kubwa, shida ni kwamba unakuwa huna kwako. Wakati wangu treni haikuwepo nilikuwa naenda kwa basi, Jumapili usiku narudi nimechoka, godoro liko chini, sufuria moja, jirani simjui hata jina, nikaishi hivyo miezi saba. Mtoto wa mwisho akaanza kuniita "baba wa simu". Januari 2020 shule zilipofungua tukahama wote.

Kuhusu wanaosema mji umeanza juzi na ni wa watumishi tu, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku ni wa 1973, jiji limetangazwa 2018 ila Wagogo, wenyeji wa huku, wapo hapa tangu kabla reli ya Mjerumani haijafika, na Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007 kinaleta vijana kutoka kila mkoa. Watu wapo, tatizo wageni tunajifungia, ofisini nyumbani, ofisini nyumbani. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, maana ipo siku utahitaji barua ya utambulisho na ni vibaya kumuomba mtu ambaye hajawahi kukuona. Msiba ukitokea mtaani nenda. Kula mlenda, mboga yao ya kuteleza, wakikukaribisha.

Mimi kilichonifungulia mlango ni salamu. Kuna mzee jirani alikuwa ananijibu kwa kichwa tu, siku moja mama muuza karanga akanifundisha salamu ya Kigogo, nikapita nikamwambia "mbukwa", yule mzee akasimama, akanijibu, halafu akamwita mkewe atoke ndani aje asikie.